Pepo Mbili za Juu ya Ziwa: Mlipuko wa Krakatau wa 1883 na Uchunguzi wa Anga la Afrika ya Mashariki

Mkula ni mahali katika nchi ya Usukuma, mkoa wa Simiyu, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kati ya latitudo ya 2 na ya 3 kusini ya ikweta. Mkulima wa pamba wa huko, kama wakulima wote wa ukanda huo, huutazama upepo apate kujua habari za mvua. Na lugha ya Kisukuma imezipa pande nne za dunia majina yaliyoshika hata yakawa majina ya watu na nchi zao: Sukuma ni kaskazini, Dakama ni kusini, Kiya ni mashariki, na Ng'weli ni magharibi. Lakini pepo azijuazo mkulima ni pepo za chini, zile zitikisazo miti na kuyaleta mawingu. Juu zaidi, kwa kimo cha kilomita 15 na kuendelea, ambako wingu la mvua hufika kwa nadra tu, kuna pepo nyingine ambazo hazisikiki wala hazionekani. Hizo hujulikana tu kitu fulani kikipata kuzipanda, yaani moshi wa mlima uliolipuka, au puto lililorushwa na mwanadamu.

Historia ya kujulikana kwa pepo hizo inategemea matukio mawili. La kwanza lilitokea mwaka wa 1883 katika Mlango wa Bahari wa Sunda, baina ya visiwa vya Jawa na Sumatra, ulipolipuka mlima wa Krakatau. La pili lilitokea mwaka wa 1908, Wajerumani wawili walipokuja kwenye Ziwa Viktoria na maputo yao. Tukio la kwanza lilionyesha kwamba juu ya ikweta upepo hutoka mashariki. La pili likaonyesha kwamba hutoka magharibi. Ushahidi wote wawili ulikuwa wa kweli, na kwa muda wa zaidi ya miaka 50 wataalamu walishindwa kuupatanisha. Namna ulivyopatanishwa hatimaye ni habari inayostahili kuelezwa kwa Kiswahili, kwa sababu nusu yake ilipatikana katika nchi hizi, na kwa sababu wenyeji wa pwani walikuwa na elimu ya siku nyingi juu ya jambo linalofanana nalo sana.

Mlipuko mkubwa wa Krakatau ulitokea asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1883. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya bahari yaliyozifuta kaya na miji ya pwani. Mshindo wake ulisikika katika kisiwa cha Rodrigues, kilicho kiasi cha kilomita 4,800 kutoka hapo katika Bahari ya Hindi, baada ya saa nne hivi. Na waliousikia walidhani ni mizinga ya meli. Lakini kupita sauti hiyo iliyosikika, kulikuwa na mshtuko wa hewa usiosikika, ulioenea kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, ukaizunguka dunia yote. Vipimio vya uzito wa hewa vilivyokuwa vikifanya kazi katika miji mingi ya dunia viliandika kupita kwake mara kwa mara kwa muda wa siku tano: ukienda hata upande wa pili wa dunia, ukirudi, na kuenda tena. Hapo ndipo ilipojulikana kwa vipimo kwamba mlima mmoja waweza kuutikisa mfuniko wote wa hewa ya dunia, kama vile ngoma ipigwapo mahali pamoja ngozi yake ikatetemeka yote.

Mshtuko huo ulipita na kwisha. Kilichobaki ni moshi. Majivu mazito yalianguka baharini na katika visiwa vya karibu, lakini vumbi laini na gesi ya salfa vilirushwa juu kwa kimo cha zaidi ya kilomita 25, mahali ambapo hapana mvua ya kuvisafisha. Kule juu gesi ya salfa hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, na matone hayo yaweza kuelea kwa mwaka mmoja, au miwili, au zaidi. Yakipitisha mwanga wa jua, huubadili rangi. Basi moshi wa Krakatau ulipoanza safari yake, watu waliokaa chini ya njia yake waliona jua la rangi ya buluu au kijani, au jua jeupe lililofifia mfano wa mwezi, na jioni anga likawaka wekundu baada ya jua kuchwa.

Habari hizo zilitoka mahali mbalimbali, na tarehe zake zilipopangwa zilionyesha jambo la ajabu. Katika visiwa vya Bahari ya Hindi, Shelisheli na Mauritius, mbingu zilibadilika siku za mwanzo kabisa baada ya mlipuko. Huko Mauritius Charles Meldrum, mkuu wa kituo cha uchunguzi wa hewa cha kisiwa hicho, alizikusanya taarifa za visiwa hivyo kwa uangalifu mkubwa. Tarehe 1 Septemba jua lililofifia lilionekana Cape Coast, katika pwani ya Ghana ya leo. Siku iliyofuata habari kama hizo zilitoka Trinidad, katika visiwa vya bahari ya Karibi. Na tarehe 5 Septemba zilifika Honolulu, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kisha, baada ya siku chache, Seiloni na kusini ya Bara Hindi wakaona jua la kijani, maana moshi ulikuwa umekwisha kuizunguka dunia na kurudi ulikotoka. Mzunguko wote ulichukua takriban siku 13.

Aliyeufahamu mpango huo mapema ni Sereno Bishop, mhubiri aliyekaa Honolulu. Aliliona duara hafifu la rangi likilizunguka jua, ambalo hata leo huitwa duara la Bishop, akatambua kwamba moshi ulikuwa umepelekwa na mkondo wa upepo mmoja, wenye nguvu na usiopinda, uvumao kutoka mashariki kwenda magharibi juu ya ikweta. Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa London iliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo lote, na taarifa yake, iliyotengenezwa na George James Symons, ilitolewa mwaka wa 1888. Tangu hapo upepo huo ukaitwa kwa jina la mlima: upepo wa mashariki wa Krakatau.

Ukiangalia ramani, njia ya moshi huo haikuwa na budi kupita juu ya Afrika ya Mashariki. Umbali wa kutoka Krakatau hata mashariki ya Ziwa Viktoria ni kilomita 8,000 hivi. Na kwa mwendo uliopatikana katika hesabu ya mzunguko mzima, moshi ulifika juu ya nchi ya Usukuma mnamo tarehe 30 Agosti. Wakati huo Sayyid Barghash alikuwa akitawala Unguja. Misafara ya Waswahili na Wanyamwezi ilikuwa ikienda na kurudi baina ya pwani na maziwa. Na Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alikuwa njiani katika nchi ya Wamasai, naye hakulifikia ziwa mpaka Desemba ya mwaka ule. Ushahidi wa kupita kwa moshi juu ya bara umeshikiliwa katika ncha zake mbili, Bahari ya Hindi upande mmoja na pwani ya Afrika ya Magharibi upande wa pili. Na kati ya ncha hizo hakukuwa na kituo cha kupima hewa.

Afrika ya Mashariki ilipata ushahidi wa namna nyingine, nao ulikuja kwa njia ya bahari. Katikati ya mwaka wa 1884, kiasi cha miezi 11 baada ya mlipuko, mawe mepesi yaeleayo juu ya maji, yaliyojaa vitundu kama sifongo, yaliletwa na mkondo hata pwani ya Unguja. Na pamoja nayo, katika mstari wa maji makuu, yalionekana mafuvu na mifupa ya binadamu. Vijana wa shule ya misheni ya Kiingereza waliyaokota mawe hayo ufukoni. Hivyo wafu wa Sunda walivuka Bahari ya Hindi kwa mwaka mzima kasoro mwezi, hali moshi wa mlima uliowaua ulikuwa umevuka bahari hiyo hiyo kwa muda wa siku tatu. Tofauti hiyo yaeleza vema kwa nini mambo ya anga la juu ni magumu kuchunguzwa: yaletwayo na bahari hubaki ufukoni yakaokotwa, lakini yapitayo angani hayaachi alama yoyote ardhini.

Miaka iliyofuata ililiongeza anga sura mpya. Mwaka wa 1902 Léon Teisserenc de Bort wa Ufaransa na Richard Assmann wa Ujerumani, kila mmoja kwa maputo yake, walitangaza kwamba baridi ya anga haizidi daima kadiri ya kupanda. Bali kwa kimo fulani kupoa hukoma, na juu yake pana tabaka lingine, ambalo baadaye liliitwa stratosfera. Katika waliomsaidia Assmann alikuwako Arthur Berson, mpanda maputo hodari, ambaye tarehe 31 Julai 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda katika kikapu cha wazi hata kimo cha mita 10,800, wakazimia wote wawili kwa uhaba wa hewa, kisha wakashuka wakiwa hai.

Swali lililobaki lilikuwa la nchi za joto. Je, tabaka hilo liko juu ya ikweta pia, na kama liko, laanzia wapi? Ili kulijibu, kituo cha anga cha Lindenberg, karibu na Berlin, kilimtuma Berson pamoja na Hermann Elias mwaka wa 1908 waende Afrika ya Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa koloni ya Ujerumani. Ziwa Viktoria lilifaa kwa kazi hiyo: lilikaa chini ya ikweta yenyewe, na tangu mwaka wa 1901 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kulifikia.

Namna ya kazi hiyo yahitaji maelezo. Puto la mpira hujazwa gesi ya haidrojeni, likafungiwa kifaa chepesi chenye saa, kalamu na karatasi, kinachojiandikia chenyewe joto na uzito wa hewa. Puto hupanda, hutanuka kwa kupungua uzito wa hewa inayolizunguka, na mwisho hupasuka. Kifaa kikashuka kwa mwavuli. Pale chini mtu hulifuata kwa darubini yenye vipimo vya pembe, na kwa kuandika pembe hizo kila baada ya muda hupatikana mwelekeo na nguvu ya upepo katika kila kimo. Upepo, basi, waweza kujulikana hata kama kifaa kikipotea. Lakini joto halijulikani mpaka kifaa kiokotwe na kurudishwa. Kwa sababu hiyo, katika nchi yenye ziwa kubwa na pori, kila kifaa kilichorudi kilikuwa na thamani kubwa.

Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, ilithibitika kwamba stratosfera iko juu ya ikweta pia, lakini yaanzia juu zaidi kuliko Ulaya, na baridi ya mpaka wake ni kali zaidi. Yaani juu ya nchi za joto pana hewa ya baridi kupita ile ya juu ya nchi za baridi. La pili halikutazamiwa. Kwa kimo cha kiasi cha kilomita 15 maputo yalisukumwa kuelekea mashariki. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka magharibi, kinyume kabisa cha upepo wa Krakatau. Taarifa ya safari ilichapishwa mwaka wa 1910, na upepo huo mpya ukaitwa upepo wa magharibi wa Berson. Kwa majina ya Usukuma, Krakatau ilikuwa imetoa upepo wa Kiya, na ziwa likatoa upepo wa Ng'weli.

Wataalamu wakawa na mashahidi wawili wasiopatana. Hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa nchi mbalimbali walioona jua la kijani mwaka wa 1883 walidanganyika wote kwa tarehe zilizofuatana vizuri namna ile. Wala hakuna aliyeweza kuwashutumu Berson na Elias, waliokuwa mafundi wa kazi yao. Vipimo vya Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, vilionyesha pia pepo za magharibi. Hivyo ikatafutwa suluhu ya kuzigawia pepo hizo mahali: upepo wa Krakatau ukapewa anga la juu, na upepo wa Berson ukawekwa kama uzi mwembamba chini yake. Suluhu hiyo ilidumu hata miaka ya 1950. Kosa lake halikuwa katika vipimo, bali katika dhana iliyofichika ndani yake, kwamba upepo wa mahali pamoja na kimo kimoja hauna budi kuwa mmoja siku zote.

Nuru ilitoka upande usiotarajiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika visiwa vya Pasifiki, na ilihitaji kujua upepo wa juu ungelipeleka wapi vumbi la sumu. Kwa hiyo maputo yenye redio yalirushwa kila siku katika visiwa vya ikweta, kama vile Canton, na vipimo vikaendelea kwa miaka mfululizo. Mwaka wa 1960 Richard Reed wa Marekani na Robert Ebdon wa Uingereza, kila mmoja peke yake, waliviangalia vipimo hivyo wakaona kwamba upepo wa stratosfera juu ya ikweta hugeuka. Kwa mwaka mmoja na kitu huvuma kutoka mashariki, kisha kwa muda karibu sawa na huo huvuma kutoka magharibi. Mwaka wa 1961 Ebdon, pamoja na R. G. Veryard, alionyesha kwamba zamu hiyo ni ya miezi 26 hivi. Vipimo vya miaka mingi zaidi vimeipa wastani wa miezi 28. Aidha ilionekana kwamba upepo mpya hauanzi pote kwa mara moja, bali huanzia juu ukashuka kiasi cha kilomita moja kwa mwezi, ukiusukuma ule wa zamani mpaka utoweke chini.

Mzozo ukaisha. Krakatau ililipuka katika zamu ya upepo wa mashariki. Berson alifika ziwani wakati wa upepo wa magharibi. Kama mlima ungelipuka mwaka mmoja baadaye, huenda moshi ungaliizunguka dunia kwa upande wa pili, na vitabu vya nusu karne vingaliandikwa kinyume.

Kwa msomaji wa pwani jambo hili si geni kwa sura yake. Bahari ya Hindi ina kaskazi na kusi. Nahodha aliyekuja Mombasa au Unguja kwa kaskazi kutoka Arabuni alijua kwamba upepo ule ule uliomleta hautamrudisha, alingoja kusi. Mgeni aliyekaa pwani mwezi mmoja wa Januari angaliweza kuandika kwa ukweli mtupu kwamba upepo wa nchi hiyo hutoka kaskazini-mashariki, na mwingine wa mwezi wa Julai angaliandika kwamba hutoka kusini, na wote wawili wangalikuwa wamesema nusu. Tofauti ya pepo za juu ni kwamba zamu yake haifuati jua. Kaskazi na kusi huongozwa na mwaka. Pepo za stratosfera zina miezi 28, muda usiolingana na majira yoyote, na ndiyo sababu hapana aliyezishuku mpaka vipimo vya miaka mingi vilipokusanywa.

Sababu ya zamu hiyo ilielezwa na Richard Lindzen na James Holton mwaka wa 1968, na maelezo yao kurekebishwa nao mwaka wa 1972. Nguvu ya pepo hizo hutoka chini. Mawingu makubwa ya radi ya nchi za joto yanapopanda huitikisa hewa iliyo juu yake, na mawimbi huenda juu mfano wa viwimbi vya maji. Mengine huelekea mashariki, mengine magharibi. Na kila aina hutoa nguvu yake pale inapokutana na upepo unaoifaa, ikauvuta upepo huo ushuke kidogo kidogo. Ziwa Viktoria, ambalo usiku hukusanya ngurumo nyingi kuliko mahali pengi duniani, ni mojawapo ya mahali ambapo mawingu ya namna hiyo hujengeka. Hivyo radi inayomwamsha mtu usingizini katika vijiji vya kando ya ziwa ina sehemu yake, ingawa ndogo, katika kuzigeuza pepo za kimo cha kilomita 20 na 30.

Kujulikana kwa zamu hiyo kumeifanya milipuko ya baadaye isomeke vizuri zaidi. Agung, katika kisiwa cha Bali, ulilipuka mwaka wa 1963. El Chichón, huko Meksiko, mwaka wa 1982. Na Pinatubo, katika visiwa vya Filipino, tarehe 15 Juni 1991. Pinatubo ulirusha tani milioni 15 hata 20 za gesi ya salfa katika stratosfera, na ukungu wake uliizunguka dunia kuelekea magharibi kwa muda wa wiki tatu hivi. Matone ya asidi yalinyonya joto yakalipasha anga la juu la nchi za joto kwa digrii mbili au tatu, na wakati huo huo yaliuzuia mwanga, hata joto la uso wa dunia likapungua kiasi cha nusu digrii mwaka uliofuata. Katika Afrika ya Mashariki kwa maana pana, mlima wa Nabro wa Eritrea ulilipuka Juni 2011 na kupeleka gesi ya salfa mpaka stratosfera, kwa kiasi ambacho hakijapata kuonekana tangu Pinatubo.

Hapa yafaa kutofautisha. Si kila mlima wa moto hulitikisa anga la mbali. Oldoinyo Lengai, uliolipuka mwaka wa 1966 na tena mwaka wa 2007, uko upande wa mashariki wa Serengeti, na kutoka Simiyu si mbali kama Jawa hata kidogo. Lakini majivu yake huanguka katika nchi za jirani, yakarutubisha au yakaharibu malisho ya huko, wala hayakuacha ukungu wa kuizunguka dunia. Kinachohesabika si ukaribu wa mlima, bali wingi wa gesi ya salfa na kimo inachofikishwa. Ndiyo maana mlima wa Sunda uliweza kulibadili anga la juu ya Usukuma, na mlima wa jirani haukuweza.

Mfano wa karibuni wa mshtuko wa hewa ni ule wa Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, katika Pasifiki ya kusini, tarehe 15 Januari 2022. Moshi wake ulipanda hata kilomita 57, kimo ambacho hakijapata kupimwa kwa mlipuko mwingine, na mlima ukarusha juu si salfa nyingi bali mvuke wa maji, takriban tani milioni 150. Mshtuko wake uliizunguka dunia mara kadhaa kama wa Krakatau; lakini safari hii ulipita juu ya nchi zenye vipimio. Vituo vyote 53 vilivyokuwa tayari katika mtandao wa kimataifa wa kusikiliza sauti nzito zisizosikika na sikio, mtandao uliowekwa ili kuchunguza majaribio ya nyuklia, viliusikia; na kimoja cha vituo hivyo kiko Kenya. Katika ionosfera, tabaka lenye umeme lililo juu ya kilomita 80, mawimbi yaliyoambatana na mshtuko huo yalionekana sehemu nyingi za dunia kwa kuyumba kwa mawasiliano ya setilaiti. Kutoka Tonga hata Simiyu ni kilomita 16,000 hivi. Mlipuko ulitokea saa moja na robo asubuhi kwa saa za Afrika ya Mashariki. Na kwa mwendo wa mshtuko uliopimwa, ulipita juu ya Mkula kati ya saa tatu na saa nne usiku huo. Siku chache baadaye, katika kisiwa cha Reunion, ukungu wa mlima huo ulipimwa kwa miali ya leza ukielekea magharibi, karibu katika njia ile ile aliyoichunguza Meldrum mwaka wa 1883.

Mtu aweza kuuliza, haya yote yamhusu nini mkulima? Yamhusu kwa njia ya mvua. Ukungu wa volkeno ukienea zaidi upande mmoja wa ikweta, upande huo hupoa kuliko wa pili, na ukanda wa mvua husogea kuelekea upande wenye joto. Baada ya mlipuko wa Laki, huko Iceland, mwaka wa 1783, Mto Nili ulipungua mno na Misri ikapata njaa; na hesabu za wataalamu zimeonyesha jinsi kupoa kwa kaskazini kulivyoweza kudhoofisha mvua za nyanda za juu za Uhabeshi, ambazo ndizo zinazoujaza mto huo. Kadhalika milipuko ya Alaska mwaka wa 1912 na El Chichón mwaka wa 1982 ilifuatwa na ukame katika nchi za Saheli. Mahali utakapotanda ukungu hutegemea pamoja na mengine zamu ya pepo za juu ya ikweta wakati wa mlipuko: zamu moja huuzuia ukungu katika nchi za joto, na nyingine huuachia uende upesi zaidi kuelekea ncha za dunia.

Jambo hilo limepata uzito mpya tangu baadhi ya wanasayansi walipopendekeza volkeno iigwe kwa makusudi. Mikhail Budyko wa Urusi alilisema katika miaka ya 1970, na Paul Crutzen akalirudia mwaka wa 2006: salfa irushwe katika stratosfera ili kuipoza dunia. Wanaolifikiria pendekezo hilo huitaja Pinatubo kuwa ushahidi kwamba laweza kufanikiwa. Lakini mlipuko mmoja ni sawa na kuonja upepo wa msimu mmoja. Salfa itakayorushwa itaangukia katika zamu zote mbili, tena yenyewe, kwa kulipasha joto anga la juu, yaweza kuivuruga zamu hiyo. Na hata bila salfa ya mwanadamu, mwaka wa 2016 zamu ilivurugika kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu vipimo vilipoanza, na ikavurugika tena miaka minne baadaye. Nchi ambazo mvua yake ingesogezwa ni hizi zilizo karibu na ikweta.

Kwa hiyo kazi iliyoanzwa ziwani mwaka wa 1908 bado ina haja. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na makao yake Nairobi mpaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka wa 1977, iliirithi kwa kurusha maputo yake. Na tangu miaka ya 1990 Nairobi imerusha pia maputo ya kupima gesi ya ozoni katika stratosfera, nayo ni mojawapo ya vituo vichache vya namna hiyo katika ukanda wa ikweta wa Afrika. Kila puto lipandalo hapo huingia katika anga lile lile ambamo moshi wa Krakatau ulielekea magharibi na maputo ya Berson yakaelekea mashariki, likaandika ni zamu ya upepo gani.